Makubaliano ya matunzo ya watoto yafuatiliwe baada ya kutiwa saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watoto wengi wa hapa Moshi ambao wazazi wao wametengana, yaani kinachotokea kwa fedha za matunzo baada ya baba na mama kutoka katika ofisi ya ustawi wa jamii wakiwa wameshatia saini makubaliano.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na katika jambo hili nimekaa pande zote mbili. Binti wa dada yangu, mwenye watoto wawili, alikubaliana na mzazi mwenzake mbele ya ofisa wa ustawi juu ya kiasi cha kupokea kila mwisho wa mwezi. Fedha zilikuja miezi mitatu, kisha zikakatika. Aliporudi ofisini aliambiwa kuwa ofisa aliyelishughulikia shauri lake amehamishwa, na kwa kuwa jalada halikuonekana, ilimbidi aanze kusimulia upya mambo ambayo yalimuumiza kuyasimulia hata mara ya kwanza. Mwanangu wa kiume naye ni mgumu, kama tunavyowaita wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na alikuwa akitoa matunzo ya mtoto wake mkononi, mara nyingine kwa kunituma mimi. Siku alipolalamikiwa kwamba hatoi kitu, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Fedha hizo nilizifikisha mwenyewe, lakini neno la bibi si stakabadhi. Kwa hiyo ninapoomba usimamizi, siwaombei akina mama peke yao.

Sheria yenyewe tunayo. Ile ya zamani, iliyomtaka baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa atoe kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inaitaka mahakama izingatie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Mahakama inaweza kupata taarifa ya uchunguzi ya ofisa wa ustawi kabla ya kuamua, na inaweza kuagiza mshahara au mali ya anayedaiwa ikamatwe. Lakini watu wengi hawafiki mahakamani. Wanaishia kwenye makubaliano ya ofisini, ambayo hayana nguvu ya amri ya mahakama na ambayo, kwa nilivyoona, hakuna anayeyafungua tena mpaka mmoja arudi akilia.

Hata kiwango chenyewe mara nyingi hukisiwa. Katika mji wetu na Arusha, vijana wengi wanaishi kwa utalii, na mapato yao hayaji kwa mwezi bali kwa msimu: kuanzia Juni hadi Oktoba kazi ipo, na masika ya Aprili na Mei wengine hukaa nyumbani wiki nyingi bila safari. Mtu kama huyo akiandikiwa kiasi kilekile kwa miezi 12, Mei atashindwa, ataona aibu, atazima simu, na hata fedha za msimu zikirudi harudi tena kulipa. Ingefaa wazazi wasaidiwe kupanga kiasi kikubwa wakati wa wageni na kidogo wakati wa mvua, na sehemu ya Januari itengwe mapema, kwa sababu ingawa ada imefutwa tangu mwaka 2016 katika shule za umma hadi kidato cha nne, sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vinamsubiri mzazi palepale.

Najua maofisa wa ustawi ni wachache na wana mzigo mkubwa. Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Malipo yapitie simu au benki, kwa namba iliyoandikwa katika jalada, ili kila upande uwe na ushahidi. Ofisi ipange tarehe ya kuwauliza wazazi kama makubaliano yanatekelezwa, na yakivunjwa, shauri lipelekwe mahakamani pasipo mama kuanza upya. Juu ya hayo, baraza la madiwani liletewe kila robo mwaka idadi ya makubaliano, yanayolipwa na yaliyokwama, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aitazame huduma hii katika kaguzi zake za ufanisi.

Uingereza walianzisha wakala wa kitaifa wa matunzo mwaka 1993, ukashindwa vibaya, na huduma iliyoanza mwaka 2012 kuchukua nafasi yake bado inalalamikiwa. Hata hivyo takwimu za malipo na malimbikizo hutangazwa kila robo mwaka, na mkaguzi wao wa taifa huzipitia hesabu zake, kwa hiyo anayelalamika ana tarakimu za kuelekeza kidole.

Hapa kwetu madiwani wa Manispaa ya Moshi wanaweza kuanza katika kikao kijacho, kwa kuuliza ni makubaliano mangapi ya matunzo yaliyosainiwa mwaka jana na ni mangapi yanayolipwa hadi leo. Mikutano hiyo iko wazi kwa wananchi, nami nitakwenda kulisikiliza jibu.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi