Kengele za Balangiga

Maskati, 30 Septemba

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na joto la usiku limeanza kupungua. Nakuandikia kwa sababu ya yule Mfilipino ninayelala naye chumba kimoja. Juzi, tarehe 28, alinikalisha kitandani kwake akanionyesha kwao kwenye simu, na tangu hapo mawazo yangu yako huko.

Kwao ni Balangiga, mji mdogo kusini mwa kisiwa cha Samar. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14,000 na kidogo. Lugha yao ni Kiwaray, maisha yao samaki na minazi. Tembo wanagema kama sisi, wao huliita tuba, ila lao ni jekundu maana hulitia magome ya mti.

Sasa sikiliza. Mwaka 1898 Hispania iliiuzia Marekani visiwa vyote vya Ufilipino kwa dola milioni 20, wenyewe wakiwa ndani. Agosti 1901 askari wa Kimarekani wakapiga kambi Balangiga. Wanaume wa mji wakakamatwa, wakafyekeshwa nyasi mchana na usiku kurundikwa kwenye mahema, hata nafasi ya kunyoosha mguu hawana. Mchele wa akiba nao ukaharibiwa. Mwanaisha, mtu akishakugusia chakula cha watoto, kimebaki nini?

Asubuhi ya 28 Septemba, askari wakiwa wanastaftahi, mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, alimpokonya mlinzi bunduki. Kengele ya kanisa ikalia, watu wakatoka na mapanga. Inasimuliwa kuwa mapanga yaliingizwa kanisani ndani ya majeneza madogo, wabebaji wakiwa wanaume waliovaa magauni, wakidai ni watoto waliokufa kwa kipindupindu. Kati ya askari 74 walikufa 48.

Kisasi chake sitaki hata kukirefusha. Jenerali Jacob Smith aliamuru wauawe wote wanaoweza kushika silaha. Alipoulizwa kuanzia umri gani, akajibu miaka kumi. Kumi! Umri wa Bakari wako. Samar ikachomwa vijiji kwa vijiji. Jenerali mwenyewe alishtakiwa 1902, akaishia kukaripiwa na kustaafishwa.

Na kengele za kanisa, zote tatu, wakazichukua. Mbili zikawekwa kambini Wyoming, huko Marekani, ya tatu ikakaa na kikosi chao, mwishowe Korea Kusini. Watu wa Balangiga wakawa wanazidai. Rafiki yangu anasema bibi yake alikuwa akizitaja kama mtu anavyotaja ndugu waliopotea safarini. Kimbunga Haiyan kikawapiga Novemba 2013, nyumba zikaezuliwa, watu wakaanza upya kugongelea mabati, na kengele bado wanazidai.

Zilirudi. Tarehe 11 Desemba 2018 ndege ilizishusha Manila, na tarehe 15 zikakabidhiwa kanisani kwao, miaka 117 baada ya kuondoka. Nimeona picha: wazee wanaweka kiganja kwenye ile shaba, wanakiacha hapo, hawana haraka ya kukiondoa. Bibi yake hakuwahi. Alikuwa ameshafariki.

Juzi ndiyo siku yao ya kumbukumbu, wanaigiza tena yale mapigano barabarani. Tulimpigia mama yake. Mama akatoka nje, akainua simu juu kuelekea kanisani, mkono ukimtetemeka, picha yote ikawa mawingu na ncha za minazi. Tukasubiri. Kengele ilipolia, mwenzangu alinishika mkono akaubana, na hakuuachia mpaka mlio ulipokwisha kabisa.

Nisalimie mama na Bakari. Ukipata nafasi nitumie zile picha za harusi ya Mwanahamisi, nimeahidi kumwonyesha mwenzangu.

Wako,
Rehema