Miongo minne ya unga inadai tiba, kifungo pekee hakitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa dawa za kulevya, hasa hoja inayorudiwa kila mara kwamba adhabu ikizidi kuwa kali, vijana wataachana na unga, yaani heroini. Historia ya nchi yetu haiungi mkono hoja hiyo.

Bangi ilipigwa marufuku tangu enzi za Waingereza, na mashamba yake yapo hadi leo. Heroini ilianza kuonekana Zanzibar na Dar es Salaam katika miaka ya 1980, ikipitishwa katika pwani yetu kwenda Ulaya, na sehemu yake ikabakia mitaani. Mwanzoni ilikuwa ya rangi ya kahawia, ya kuvutwa, aghalabu ikichanganywa na bangi katika msokoto mmoja ambao wenyewe huuita kokteli. Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 1995 ya kuzuia dawa za kulevya, lakini haikupita miaka mingi ikaenea heroini nyeupe, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika maji, na vijana wakahamia kwenye sindano. Sheria ilikuwepo, na hali ikazidi kuharibika. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari za wanawake wa Dar es Salaam ambao, kwa kukosa fedha za kete, yaani kipakiti kidogo cha unga, walijidunga damu iliyovutwa kwa bomba la sindano kutoka kwa mwenzao aliyetoka kujidunga, wakitumaini kwamba itawapunguzia arosto, yaani mateso ya kukosa unga mwilini. Aliyefikia hatua hiyo, huku akijiweka katika hatari kubwa ya virusi vya Ukimwi, atatishwaje na mahabusu?

Nafuu ya kweli ilianza Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto ikatulia, naye akaweza kwenda kutafuta riziki kama watu wengine. Sheria ya mwaka 2015, pamoja na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyoanza kazi mwaka 2017, imewabana wasafirishaji, nami naiunga mkono kwa dhati. Anayekamatwa na shehena jahazini hastahili huruma yetu.

Teja wa maskani, yaani mraibu wa vijiweni, ni suala jingine. Methadoni imefika Tanga, Mwanza, Mbeya na Dodoma, lakini dawa inayotakiwa kunywewa kila siku haimfai mtu wa wilaya ya mbali ambaye nauli ya siku moja tu inamshinda. Naiomba Wizara ya Afya ipeleke huduma hii katika hospitali za wilaya, ikianzia zile za pwani, na polisi wanaovamia vijiwe wawe na utaratibu wa kumfikisha kliniki kijana aliyekutwa na kete ya kutumia mwenyewe, kabla hajafikishwa mahakamani.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam