Asante, dada wa basi la Valencia

Dada uliyeketi kando yangu kwenye basi la Valencia, jina sikukuuliza, nakushukuru hadharani. Kitabu changu cha kujifunzia Kihispania kilikuwa na "me gusta el café" (napenda kahawa), kisha "me gustan las naranjas" (napenda machungwa), bila kueleza kwa nini kitenzi kinabadilika ilhali anayependa ni mimi yuleyule. Ulichukua kalamu, ukaizungushia duara ile "n" ya "gustan", ukachora mshale hadi kwenye machungwa. Chini yake ukaandika: kahawa inanipendeza, machungwa yananipendeza. Kitenzi kinafuata kitu, na "me" inafanya kazi ya "-ni-" yetu. Kisha, na hili ndilo lililonifaa zaidi, ukanipa kalamu nitunge mwenyewe. "Me duelen los pies", miguu inaniuma. Ulinisubiri bila kunikatiza. Ndugu mnaojua Kihispania, mgeni akiwauliza, mwelekezeni namna hii.