Ndizi za Tumbiri Sinunui

Mwanangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi hapa Likoni tu wazima. Joto la kaskazi limeshaanza kutuonyesha, na babako anaendelea vyema na dawa zake za presha. Ujumbe wako nimeupata, na mengi uliyoniagiza yamekwisha kufanyika: chumba cha nyuma kimepakwa chokaa, magodoro yameanikwa, na fundi wa neti kaja kaondoka. Lakini hilo la kununua mkungu wa ndizi na biskuti, nianze kuwazoesha tumbiri mapema ili watoto wakija Desemba wawakute wanakula mkononi na picha zipigwe, hilo silifanyi. Si ubahili. Nimeona afadhali nikuandikie barua nzima, maana kwenye simu utanikatiza kabla sijafika ninapokwenda.

Tumbiri wanakuja bila kuitwa. Hutokea kwenye mikanju ya jirani jua likishapanda kidogo, hupita juu ya ukuta, kisha huingia mwembeni. Kwanza ni kula. Huchuma majani machanga, maua, wadudu na embe lolote hata kama bado chungu. Wakishashiba, wakubwa hukaa kivulini kutafutana chawa, na hapo ndipo wadogo huanza vituko vyao. Mmoja hulimiliki tangi la maji, na kazi ya wengine ni kumtoa. Akishatolewa, aliyemtoa naye hutolewa. Kamba yangu ya kuanikia nguo wameifanya bembea, na leso yangu ya maua mekundu ilipata tundu siku walipoivutania, huyu huku na yule kule.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye mieleka yao. Tazama mkubwa anapocheza na mdogo. Mkubwa anaweza kumbwaga yule kwa mkono mmoja, lakini hafanyi hivyo. Hulala chali mwenyewe, akaacha apandwe tumboni na aumwe sikio. Kisha hugeuka naye akawa juu, kisha akajilaza tena. Miaka yote niliyosimamia watoto wakati wa mapumziko shuleni, alama yangu ya kupambanua mchezo na ugomvi ilikuwa hiyo hiyo: katika mchezo, aliyeangushwa anarudi mwenyewe. Anayecheza hukimbizwa, akageuka akakimbiza. Akiwa anakimbizwa peke yake kila mara, huyo anaonewa, mwite mwalimu.

Waambie watoto waangalie na uso. Tumbiri anayecheza hufungua mdomo wazi, meno yamefichwa nyuma ya midomo, na mwili umelegea. Ukiona meno yametolewa yote, hicho si kicheko, ni hofu au hasira. Na wasimkodolee macho. Kwetu kumtazama mtu usoni ni adabu mahali pengine na utovu wa adabu mahali pengine, lakini kwa tumbiri ni vita. Akikutazama akapandisha nyusi, ukaona zile kope zake nyeupe, amekwisha kukuonya.

Sasa nikwambie kwa nini biskuti sitoi. Unakumbuka Diani, ile hoteli tuliyokwenda kwenye harusi ya binamuyo? Tumbiri wale walikuwa wengi kuliko hawa wetu, na wanono, tena wageni walikuwa wakiwarushia karanga na mkate. Mimi nilikaa kuwatazama mpaka chai yangu ikapoa. Sikuona mchezo hata mmoja. Kila mmoja alikuwa ameikodolea meza yake, anahesabu mikono ya watu. Mdogo akipata kipande, mkubwa anamnyang'anya, na huo si mchezo. Mzungu mmoja alijaribu kuficha mfuko wake wa karanga nyuma ya mgongo, akakwaruzwa mkono, ikawa kumkimbiza apigwe sindano ya kichaa cha mbwa. Na tumbiri aliyemkwaruza ndiye aliyeitwa mshenzi.

Wale wahifadhi wa Colobus Conservation, walioanza kazi Diani mwaka 1997 kwa ajili ya mbega na ndio waliotundika zile ngazi za kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke bila kugongwa na magari, huwaomba watu kila siku wasiwalishe nyani na kima na tumbiri. Aliyezoea kulishwa hupoteza woga, huingia jikoni, hatimaye mtu humpiga jiwe au humtega. Hayo ni yao na wanayajua vyema. Langu mimi ni dogo zaidi. Mnyama hucheza akiwa ameshiba kwa juhudi yake, hana anachoogopa, na hana anachokusubiria. Ukimpa biskuti umempa kazi ya kukusubiri wewe. Watoto wako watapata picha ya mkono na ndizi, na mchezo wenyewe niliokaa kukuelezea hapa hawatauona kabisa.

Tena biskuti huleta kunguru. Unajua kunguru simpendi. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu asili. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, na Mombasa walionekana mwaka 1947. Wakakuta taka zetu, wakazaana. Mayai na makinda ya ndege wengine ndiyo kitoweo chao, na ndiyo maana mji mzima unasikia kwaa-kwaa zaidi ya sauti nyingine yoyote. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Nikichungulia asubuhi kwenye jaa la huku nyuma naona waliobaki hawajasikia habari hiyo.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kunguru anajua kucheza kushinda ndege wote wa mtaa huu. Mmoja hutua mbele ya paka wetu akajifanya kiwete kidogo, paka akamkazia macho, mwenziwe akaja kwa nyuma akamvuta mkia. Paka akigeuka, yule wa mbele ndiye anayevuta. Hapana mfupa hapo wa kugombewa. Na upepo ukiwa mkali utawaona wanapanda juu na kijiti mdomoni, wanakiachia, wanakidaka kabla hakijafika chini, wanapanda nacho tena. Babako husema wanafanya mazoezi ya kuiba. Huenda. Mimi nasema wanajifurahisha, na wizi hawahitaji mazoezi.

Si kila kinachofanana na mchezo ni mchezo, na hili nataka watoto walijue kabla hawajaanza kucheka. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo wa kupinda anayefyonza maua ya mgomba, kila asubuhi hupigapiga kioo cha pembeni cha gari la mjombako. Majirani wanadhani anajipenda. Maskini, anapigana. Anaona dume jingine limeingia kwenye eneo lake, na dume hilo halikimbii hata likidonolewa. Anaweza kuchoka hivyo siku kutwa. Dawa yake ni kuvisha kioo mfuko au kitambaa, na mjombako nimemwambia, akasahau, nikamwambia tena. Kuzumburu nao, wale wa mikia mirefu wanaomaliza mapapai yangu, huning'inia kwenye tawi wamelielekeza tumbo juani wote kwa pamoja. Kichekesho kukitazama, lakini wanaota jua tu.

Minana wako katikati, sijui niwaweke wapi. Dume ndiye mjenzi. Huchana makuti mabichi ya mnazi wetu kuwa nyuzi, anafunga kitanzi kwanza, anasimama ndani ya kitanzi na kufuma kukizunguka. Jike huja kukagua, akilikataa tundu, dume hulifumua akaanza upya. Sasa wapo vijana, manyoya bado hayajawa ya manjano kamili, ambao hujenga matundu yasiyo na kazi. Fundo halikazi, nyuzi zinaning'inia, wawili watatu wanavutana uzi mmoja mpaka wote unaanguka. Wanajifunza, ndiyo. Lakini ukitazama wanavyoacha kazi ghafla wakafukuzana kisha wakarudi, utaona kwamba kujifunza na kucheza kwao hakuna ukuta baina yake. Mnazi huo ndio ule babako alitaka ukatwe upishe kabro, yale matofali ya kutandika uwanjani. Jirani yetu wa kulia ameweka kabro uwanja mzima, pamependeza, na kila jioni anakuja kwetu kukaa barazani kutazama ndege.

Kitu kimoja ninachowapa ni maji. Lile gae la mtungi wa bibi uliovunjika nimeliweka chini ya mstafeli, kina chake hakizidi kidole, na mawe mawili ndani ili nyuki wapate pa kukanyaga. Shore hulipenda sana, wanaoga mpaka wanalowa kabisa wasiweze kuruka vizuri, kwa hivyo nimelisogeza mbali na kichaka ambacho paka hujificha. Maji nayabadilisha kila asubuhi. Hilo si la ndege, ni letu: chikungunya ilipoingia Mombasa mwisho wa 2017 nusu ya mtaa huu ilitembea imejikunja kwa maumivu ya viungo, na mbu wake hutaga kwenye maji kidogo tu yaliyotuama. Kazi ya kumwaga na kujaza nitampa Salim. Atake asitake.

Usiku msiwahi kulala. Komba wapo. Wa kwanza akilia mtoto mchanga wako ataamka, maana sauti ni ile ile, lakini mtulize na mtoke nje. Huruka kutoka mwembeni hadi mnazini bila kugusa chini, wawili wakifukuzana, na macho yao yakipigwa na tochi yanawaka mekundu. Wafunikieni tochi kwa leso nyembamba, mwanga mkali unawaumiza. Mgema wa kule shamba kwa shangazi yako huapa kwamba wanamaliza tembo lake kwenye vibuyu, na kwamba amewahi kumwokota mmoja chini ya mnazi asubuhi, amelewa chakari. Usiwasimulie watoto hiyo. Wasimulie kwamba komba hujipaka mkojo wake mwenyewe viganjani na nyayoni. Hiyo ndiyo watakayoipenda.

Darasa la sita nilikuwa nikiwafundisha habari za tumbiri wa Amboseli, ambako watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbiri ana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka, na kila mlio una mwitikio wake. Wa chui, wote hukimbilia mitini. Wa tai, hutazama juu. Wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani. Hapa kwetu chui hatuna, lakini juzi walisimama wima wote wakitazama chini karibu na karo la kufulia, na mchezo ukakatika kama uliozimwa. Nikamwita babako na fimbo. Nyoka alikuwapo. Kwa hivyo watoto wakiona hivyo wasiende kuchungulia, waje barazani.

Na Bamburi tutakwenda, nimekwisha kuwaza. Haller Park wataona twiga na mamba, na nitawasimulia Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini upande wa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo, akajiegemeza kwa Mzee, kobe mkubwa wa miaka mia na ushei. Walilala pamoja, wakala pamoja, wakaogelea pamoja. Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Mimi huwaambia na ya pili: Owen alizidi kukua, na mchezo wa kiboko mkubwa ni hatari kwa kobe, ikabidi atengwe, akapewa kiboko mwenziwe. Mkubwa asiyejua kujilaza chali hawezi kuendelea kuchezewa.

Vitu vya kuleta: darubini, hata ile ya plastiki ya watoto inatosha, na kofia. Nguo nyekundu haina neno, usisikilize watu. Biskuti mtakula ndani, mlango umefungwa, na maganda ya ndizi yataingia pipani lenye kifuniko. Tikiti za treni za Desemba huisha upesi, kwa hivyo kata mapema na unitumie saa ya kufika Miritini, mjombako aje awachukue. Mwambie asisahau kuvisha kile kioo.

Wasalimie wote hapo, na mumeo.

Wasalaam,
Mamako