Kozi za ufundi zisiwe kapu la walioanguka mtihani

Mhariri,

Kwa miaka mingi niliyofundisha katika shule za upili za kaunti ya Kisumu, nilipewa pia jukumu la kuwashauri wanafunzi kuhusu kozi na kazi. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yalipotangazwa niliyagawa majina mafungu mawili bila kusita: waliopata C+ na zaidi niliketi nao mmoja mmoja tukaipitia orodha ya shahada, na waliosalia niliwakusanya pamoja nikawaambia kwamba vyuo anuwai vya ufundi vipo na nafasi hazikosekani. Sasa nimestaafu, na ninaandika kwa sababu nimeamini kwamba mgawanyo ule, ambao haukuwa wangu peke yangu, uliwadhuru watoto wa mafungu yote mawili.

Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 246,391 ndio waliofikisha C+, alama ya chini ya kuingilia shahada, kati ya zaidi ya 960,000 waliofanya mtihani. Hiyo ni takriban robo. Tunapozungumza kana kwamba ufundi ni wa walioanguka, watoto watatu katika kila wanne huingia karakana wakiwa wameinamisha vichwa kabla hawajashika chombo chochote, na yule wa nne, hata akiwa na mikono ya kipekee, hathubutu kusema kwamba angependa kuwafuata huko.

Namkumbuka mvulana mmoja aliyepata B. Tangu kidato cha pili alikuwa akishinda likizo zake katika banda la fundi wa friji karibu na soko la Kibuye, na ilifika mahali akaweza kukuambia kompresa ina tatizo gani kwa kuisikiliza tu ikinguruma. Alitaka kusomea diploma ya majokofu na viyoyozi, na katika mji unaoishi kwa samaki, ambao wakikosa baridi usiku mmoja huwa hasara, sikupaswa kuhitaji kuelezwa maana ya kazi hiyo. Baba yake alikuja shuleni akaniambia, “Mwalimu, sikuuza ng’ombe zangu ili mtoto wa B akashike spana.” Nami, badala ya kumtetea kijana, nikamsaidia mzee kuchagua shahada ambayo mwanawe hakuwahi kuitaja. Alisoma miaka minne, akahitimu, akakaa nyumbani karibu miaka mitatu akituma barua za kuomba kazi, kisha akajiandikisha katika chuo cha ufundi kwa kozi ile ile aliyoitaka tangu mwanzo. Leo anahudumia vyumba vya baridi vya wafanyabiashara wa samaki. Tulipokutana hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sidai kwamba vyuo vikuu havina kazi. Tunahitaji madaktari, wahandisi na walimu, na mtoto aliyekusudia udaktari asizuiwe. Ninachopinga ni kumpeleka mtoto chuo kikuu kwa sababu tu alama zimemruhusu, na kumpeleka mwingine karakana kwa sababu tu alama zimemkatalia, bila yeyote kati yao kuulizwa anaweza nini na anapenda nini.

Wazazi wengi, kama nilivyokuwa mimi, hawajui kazi hizi zilivyopangwa. Fundi wa umeme hatakiwi kuwa mtu wa kubahatisha nyaya. Anapewa leseni na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, kwa madaraja, kila daraja na kiwango chake cha kazi, na nyumba mpya haiunganishiwi umeme mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kwamba nyaya zimepitishwa ipasavyo. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huwapima mafundi kwa vitendo, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, wakiwemo wale waliojifunzia jua kali, katika karakana za mitaani, bila kupita chuoni. Na njia hii inapanda: mwanafunzi aliyepata D anaweza kuanza na cheti, akaendelea na diploma, na mwenye diploma nzuri akapokelewa kwenye shahada, akifika huko tayari anajua kazi. Aliyewahi kusimama bandarini Kisumu akaiona MV Uhuru II, meli iliyoundwa papa hapa, ajiulize ni viungo vingapi vya chuma vilivyochomelewa humo, na kama angependa kusafiri ziwani ndani ya meli iliyochomelewa na mtu asiyejua kazi yake.

Tena ufundi si mgeni katika sehemu hii ya nchi. Katika miaka ya 1970 wazazi wetu walichangishana kwa harambee wakajenga vyuo vya teknolojia: Ramogi hapa Kisumu, Sang’alo kule Bungoma, WECO kule Kakamega. Walijua wanachokitaka. WECO baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007, na mwaka 2013 vyuo anuwai vikongwe vya Nairobi na Mombasa navyo vikageuzwa kuwa vyuo vikuu vya kiufundi. Tulishangilia kila mara, nami nilishangilia. Lakini chuo cha ufundi kinapohesabiwa kuwa kimekua pale tu kinapoanza kutoa shahada, tumewaambia nini wanaobaki katika vyuo vya ufundi kama Sigalagala au Ramogi wakijifunza kukereza chuma?

Heshima ya maneno peke yake haitoshi, na hapa sina budi kuwatetea wazazi wanaosita. Mzazi akitembelea chuo akakuta vijana arobaini wamezunguka mashine moja, wengi wao wakitazama tu, ana haki ya kurudi nyumbani na karo yake. Ufundi haujifunzwi kwa kutazama. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, kwa hiyo wawakilishi wadi wetu, hapa na kwingineko magharibi, hawana wa kumsukumia swali hili. Waulizwe kila bajeti inaposomwa ni kiasi gani kimetengwa kwa vifaa na kwa mishahara ya wakufunzi, maana majengo mapya yaliyofungwa makufuli tumeshayaona. Aidha, kijana anapohitimu useremala au ufundi bomba bila hata seti moja ya vifaa vyake, hubaki kibarua wa kumbebea mwenzake. Mkopo mdogo wa vifaa, unaolipwa polepole kadiri kazi zinavyopatikana, ungemsaidia kuliko hotuba kumi za siku ya mahafali.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na katika mkondo wa sayansi na teknolojia kuna masomo kama ujenzi, umeme, kazi za chuma na useremala. Nimefurahi, lakini nina hofu yenye sababu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliotangulia mtaala huu, ulipoanza mwaka 1985 wazazi walijenga karakana mashuleni, masomo ya ufundi yakaja kupunguzwa, na karakana ya shule niliyostaafia ikawa stoo ya madawati yaliyovunjika. Nawasihi walimu wenzangu mlio kazini msiyaruhusu masomo haya yawe tena ya kupangiwa wanafunzi waliokosa nafasi kwingine. Ketini na kila mtoto peke yake, mwenye A na mwenye D, na siku ya ushauri wa kazi mwiteni fundi aketi jukwaani kando ya daktari.

Ombi langu la mwisho ni kwa meza yako, Mhariri. Matokeo yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za wanafunzi waliobebwa juu juu, na kila mmoja huulizwa atasomea nini. Naomba mwandishi wako atumwe pia siku mafundi wanapofanya majaribio yao, amtazame msichana akiunganisha mabomba mbele ya mtahini, amuulize amejifunza nini na anakusudia kufanya nini, na picha yake ichapishwe kwa ukubwa ule ule.

Mwalimu mstaafu,
Nyamasaria, Kisumu