Msisugue hela ya Mjerumani kabla ya kuipeleka mnadani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wasomaji wako wenye sarafu za shaba za enzi ya Mjerumani, zile zilizokaa miaka yote kwenye makopo na masanduku ya mbao, ambao siku hizi wanazipiga picha na kuzipeleka kwenye minada ya mtandaoni. Ombi langu ni moja. Sarafu ikitoka sandukuni, isiguswe na limau, ukwaju, majivu, dawa ya meno wala stiliwaya. Sarafu iliyodumu zaidi ya miaka 100 inaharibika kwa dakika mbili kwenye beseni la jikoni, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha ilivyokuwa.

Tuanze na kuijua sarafu yenyewe. Hadi mwaka 1904 rupia ya koloni ilikuwa na pesa 64. Mwaka huo serikali ya Deutsch Ostafrika, yaani koloni la Mjerumani la Afrika Mashariki, ikaigawa rupia kuwa heller 100, na ndiyo asili ya neno letu “hela”. Heller 1 ni ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Ina upana wa milimita 20 na uzito wa gramu 4. Nusu heller ina gramu 2. Heller 5 za bronzi, zilizotolewa 1908 na 1909 tu, ni kubwa kuliko zote: milimita 37, gramu 20. Angalia mpangilio huo: kila heller ni gramu 4, iwe ndogo au kubwa. Mtu aliyebeba thamani ya rupia moja kwa bronzi alibeba gramu 400, wakati rupia yenyewe ya fedha haikufika gramu 12. Si ajabu kwamba mwaka 1913 ilikuja heller 5 nyingine, ndogo, ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yenye tundu katikati. Hesabu hiyo ya gramu 4 ndiyo kinga ya kwanza ya mnunuzi. Heller 5 ya 1908 ikipima gramu 17, haijaisha kwa kutumika, ina tatizo.

Sasa ngozi. Shaba ikitoka kiwandani ina rangi nyekundu ya moto. Kadiri miaka inavyopita, hewa inaijengea utando mwembamba sana wa kahawia, nao ndio unaoilinda. Chini ya utando huo kuna mistari midogo mno, isiyoonekana kwa macho, iliyoachwa na metali ilipotanuka chini ya nguvu ya muhuri. Mistari hiyo ndiyo inayoufanya mwanga uzunguke juu ya sarafu unapoiinamisha chini ya taa moja, mfano wa miale ya gurudumu. Asidi ya limau inakula utando na mistari pamoja. Majivu na stiliwaya vinakwangua hata herufi. Kinachobaki ni shaba yenye rangi ya waridi iliyopauka, inayong'aa sawasawa kila upande kama sahani. Ukiishika karibu na kioo cha sonara chenye nguvu ya mara 10, utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, hasa kwenye uwanja ulio wazi kuzunguka taji lililochorwa juu yake. Baada ya miezi michache sarafu hiyo inaanza kuwa nyeusi kwa mabaka, kwa sababu imevuliwa ngozi na asidi imebaki kwenye vishimo vya herufi.

Kampuni za upimaji zinazotumia kipimo cha 1 hadi 70 hazitoi namba ya kawaida kwa sarafu ya namna hiyo. Zinaandika tu kwamba imesafishwa. Kwa shaba ambayo haijasuguliwa zinaongeza herufi za rangi: RD kwa ile iliyobakiza asilimia 95 au zaidi ya wekundu wake wa asili, BN kwa iliyogeuka kahawia karibu yote, RB kwa iliyo kati. Anayesugua anatamani RD, lakini wekundu wa limau hautambuliwi na yeyote. Kahawia laini, isiyo na doa, ni bora mara nyingi kuliko huo wekundu wa bandia.

Je, uchafu uachwe? Udongo mkavu na mafuta vinaweza kuondolewa bila kugusa ngozi. Weka sarafu kwenye bakuli la kioo, si plastiki, umwagie asetoni safi hadi izame. Asetoni ya saluni ya kufutia rangi ya kucha haifai, maana huwa imetiwa mafuta na manukato. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara, kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka. Iache dakika 10, itoe kwa kibanio cha mbao, ichovye kwenye asetoni mpya ya bakuli la pili, kisha iweke juu ya kitambaa cha pamba ikauke yenyewe. Usifute. Udongo usiotoka kwa njia hiyo, uache.

Kutu ya kijani ina aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Kijani kigumu, kilichokolea, kilichoshikana na metali, kimetulia, hakidhuru. Kijani cha unga, cheupecheupe, kinachodondoka ukikigusa kwa ncha ya kijiti cha meno na kuacha kishimo, ni ugonjwa. Hutokana na chumvi: klorini yake, unyevu na hewa vinatengeneza asidi inayokula shaba, kisha klorini ileile inaachiwa na kuanza kazi upya. Kwa wakazi wa pwani hili ni jambo la kila siku. Sarafu yenye unga huo itengwe na nyingine, ikae kwenye chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vifurushi vya silika ya kunyonya unyevu. Ukavu unausimamisha ugonjwa; kuusugua kunausambaza.

Na tafadhali, msizihifadhi kwenye vile vifuko vya plastiki laini vyenye harufu kali. Plastiki hiyo inatoa majimaji yanayoganda juu ya shaba kuwa ute wa kijani. Mipira ya kufungia noti nayo ina salfa, inaacha mstari mweusi usiofutika. Kadi za mraba zenye dirisha la mailari, yaani plastiki nyembamba inayopenya mwanga, zinatosha. Sarafu ishikwe ukingoni, kwa vidole viwili, kwa sababu jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya mwaka inasomeka kama muhuri.

Kuhusu uadimu, kuna imani imeenea kwamba hela yoyote ya Mjerumani ni utajiri. Si kweli, na imani hiyo imewafanya watu wachimbe mashimo na kutapeliwa. Heller 1 ya 1907 ilitengenezwa kwa mamilioni mengi na hata leo haifidii gharama ya kuituma kupimwa. Ya 1909 ni adimu zaidi kwa sababu ilitengenezwa kidogo. Upande wenye thamani, chini ya shada la majani, kuna herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Heller 1 za 1904, 1905, 1906 na 1913 zilitoka viwanda vyote viwili, lakini kuanzia 1907 hadi 1912 zilitoka Hamburg peke yake. Kwa hiyo heller 1 ya “1909 A” haipo. Ukionyeshwa, mtu ameichezea. Tarakimu ya mwisho ya mwaka ndiyo ya kuangaliwa kwanza kwa kioo, kwa sababu ndiyo rahisi kuchongwa. Tarakimu halisi imeinuka kutoka kwenye uwanja bila mpaka. Iliyobandikwa au kuchongwa ina mfereji mdogo au rangi tofauti kuizunguka. Heller 5 za bronzi nazo zote ni J, na kwa uzito wake nyingi zimegongwa ukingoni, hivyo yenye ukingo mzima kabisa ina bei yake.

Sura ya pekee ni sarafu za Tabora za 1916. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, koloni lilikuwa limezingirwa na meli hazifiki, hivyo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu hadi mji ulipoangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Zilipigwa heller 5 za shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, heller 20 za shaba nyekundu na za njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Herufi yake ni T. Kwa heller 20 wakusanyaji hutazama mambo mawili: taji kubwa au dogo upande mmoja, na upande wa pili miguu ya herufi L mbili za neno HELLER, kama ina ncha kali au imejikunja, na kama ni zote mbili au L ya pili tu. Michanganyiko hiyo haina bei moja. Uzito wake unapishana sana kwa kuwa zilipigwa kwa haraka, hivyo mizani peke yake haisemi chochote. Pia zilipigwa hafifu: sehemu isiyosomeka si lazima iwe imeisha. Sehemu iliyoisha ni laini na inang'aa. Sehemu iliyopigwa hafifu bado ina ukwaru wa metali mbichi.

Tatizo kubwa la heller 20 ni kwamba shaba ya njano ikizeeka inafanana na nyekundu. Wapo wanaokwangua ukingo ili kuona rangi ya ndani, na hapo wameiharibu. Kuna njia isiyoacha alama. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kando ya glasi, na uhakikishe haina mapovu. Soma namba. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Sarafu ya gramu 11.00 ikisoma 1.24, jibu ni karibu 8.9, hiyo ni shaba nyekundu. Ikisoma 1.30, jibu ni karibu 8.5, ni ya njano. Kwa heller 1 ya gramu 4 njia hii ni dhaifu: maji yatasoma 0.45 tu, na kosa la 0.01 linatosha kukupoteza. Kwa heller 5 ya gramu 20 inafaa sana, itasoma takriban 2.25.

Kwenye mnada wenyewe, picha ndiyo inayodanganya zaidi. Picha iliyoongezwa mwanga inaifanya sarafu iliyosuguliwa ionekane nyekundu ya asili. Omba picha ya pili ikiwa imeinamishwa, na ya tatu ya ukingo. Sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari wa kuunganisha ukingoni na vitundu vidogo kama vya mkate. Sehemu kubwa ya hela hizi huuzwa Ujerumani, basi jifunze vifupisho vyao: “ss” ni nzuri lakini imetumika, “vz” ni nzuri sana, “st” haijatumika. Neno “gereinigt” maana yake imesafishwa, na “Randfehler” ni kasoro ya ukingo. Maneno hayo huandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo, nayo ndiyo yanayoamua bei.

Halafu ada. Juu ya bei ambayo dalali amegongea nyundo, mnunuzi huongezewa kamisheni, mara nyingi asilimia 20 hadi 25. Ukiwa na euro 150 kwa jumla na posta ni 20, wengi hutoa 20 na kuweka dau la 130. Kwa kamisheni ya asilimia 20 watalipa 156, na posta inafikisha 176. Hesabu sahihi ni 150 kutoa 20, kisha ugawanye kwa 1.2: dau lako lisivuke 108. Ushuru wa forodha uongeze kabla ya kuanza. Kwa muuzaji, sarafu za kawaida ziuzwe pamoja kama fungu moja. Adimu iwekwe peke yake, la sivyo itamezwa na bei ya fungu.

Wenye senti za Zanzibar za 1908, zenye mnazi, za Sultani Ali bin Hamud, wazitenge mapema. Hizo za bronzi, senti 1 na senti 10, hazikupata kuenea na nyingi ziliyeyushwa. Ila sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinazookotwa ardhini si za mnada kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na mahali pake ni makumbusho, pamoja na maelezo ya mahali hasa zilipookotwa.

Mhariri, matangazo ya “sarafu za kale” yanayoletwa kwako huwa na namba ya simu na neno “adimu” tu. Ninaomba gazeti lako likatae tangazo lolote lisilotaja mwaka, herufi ya kiwanda, uzito kwa gramu na kama sarafu imesuguliwa. Ni mstari mmoja tu wa maandishi: “Heller 1, 1909 J, gramu 3.96, kahawia, haijasafishwa.”

Mkusanyaji wa sarafu,
Tanga