Akifeli la saba, sheria inamwachia

Shoga yangu,

Za huko Dodoma? Huku kwetu Shinyanga tu wazima. Nimeona nikuandikie barua kabisa maana ile meseji yako kwamba siku hizi watu wanaogopa kuoa watoto kwa sababu ya miaka 30 jela imenikaa rohoni, nikasema hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili.

Ni kweli tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema ukimuoa au ukimpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30. Hata huku wanaijua vizuri sana, na ndo maana wanasubiri. Mtoto akishamaliza la saba akafeli siyo mwanafunzi tena, na Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 13 umri wa msichana kuolewa umewekwa miaka 15 mzazi akiridhia, na mahakama inaweza kushusha hadi 14. Mvulana yeye 18!

Basi unajua kinachofanyika? Binti anaambiwa nyumbani afeli. Nina mmoja darasani, kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio, hesabu anapata vizuri tu, lakini ameambiwa mtihani wa taifa ukija achague majibu ya uongo makusudi, karibu karatasi nzima herufi moja, kwa sababu baba ameshaongea na watu na ng'ombe wameshahesabiwa. Mimi mwalimu nitashitaki nini, mtoto kufeli siyo kosa. Na ukienda kwa mtendaji wa kijiji unaulizwa cheti cha kuzaliwa kiko wapi, hakipo, halafu ndugu wanasema ana 18, mnarudi nyumbani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni Kanuni ya Adhabu. Inasema kulala na binti wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata kama amekubali, halafu inaweka isipokuwa: kama ni mkewe na ana miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Yaani jambo lilelile, mtoto yuleyule, mahari ikishalipwa linaacha kuwa kosa. Mimi nimeisoma mara nyingi na bado nakasirika.

Na siyo kwamba hakuna aliyepigania. Rebeca Gyumi, yule mwanaharakati wa haki za wasichana, alienda Mahakama Kuu akashinda Julai 2016, majaji wakasema kifungu cha 13 na 17 vinapingana na Katiba, serikali ndani ya mwaka mmoja irekebishe iwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na moja ya hoja ilikuwa ndoa inamkinga binti anayepata mimba kabla ya kuolewa, fikiria!, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. 2020 ikapita, vifungu viko palepale. Wakati ilipotakiwa kuwafukuza wanafunzi wenye mimba mbona serikali haikuhitaji kusubiri, Juni 2017 Rais Magufuli alisema jukwaani tu hawarudi shule na hawakurudi, mpaka Novemba 2021 ndo Wizara ya Elimu ikaruhusu warudi baada ya kujifungua. Hilo nalishukuru kweli, nimeona wanaorudi, wanasoma kwa bidii kushinda wenzao. Lakini hao ni waliopata mimba wakiwa shule, huyu wangu anayefelishwa hakuna anayemhesabu.

Sasa ombi langu. Ile hukumu ya Rufani imeandikwa kwa Kiingereza, wewe lugha ya mahakama unaiweza, naomba unitafsirie kurasa zile majaji wanapokataa hoja za serikali, kwa Kiswahili cha kawaida ambacho mzee wa kijiji anaelewa. Mwenyekiti wa kamati ya shule amekubali nisome kwenye kikao cha wazazi, na huyu mwenyekiti akiongea baba wa yule binti anasikiliza. Mtihani ni Septemba kwa hiyo ikifika Agosti nitakuwa nimechelewa. Tuma hata kwa picha za simu, nitanakili mwenyewe.

Wasalimie watoto na shemeji.

Wako wa siku zote